Shikamoo ya Jikoni

Ofisi ya Mkurugenzi,
Gongo la Mboto.
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mwalimu Benedicta,

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA KWA MAANDISHI

Natumaini u mzima na kile kifua chako kimepoa. Unywe tangawizi. Hayo ni ya nyumbani, sasa nakuja kwa ya ofisi.

Unajua sheria yangu tangu siku niliyokuajiri: ya nyumbani tunaongea, ya shule tunaandikiana. Ndiyo maana nimemtuma karani Venance akupe barua hii mkononi nawe utie sahihi kwenye daftari lake, ingawa darasa lako liko hatua thelathini kutoka mlangoni pangu. Usinifuate ofisini. Leo sitaki kusikia sauti yako.

Juzi Jumamosi, siku ya wazazi, Somoe wa Darasa la Nne, mjukuu wa mpishi, alisimama mbele ya wazazi mia mbili na mgeni rasmi akasoma karatasi aliyoiandika mwenyewe. Kiingereza chake kilinyooka kuliko cha walimu wangu wawili ambao nitawataja siku nyingine. Karatasi ninayo hapa mezani, nanukuu:

"Our Director is extremely polite to parents who come by car. She is quite polite to parents who come on foot. She is not at all polite to my grandmother."

Yaani kwa wenye magari nina adabu ya kupindukia, kwa waendao kwa miguu ninayo ya wastani, na kwa bibi yake sina hata chembe.

Wazazi wakapiga makofi. Wengi wao hawakuelewa hata neno, walipigia makofi matamshi. Lakini mgeni rasmi, yule meja mstaafu, alielewa kila kitu na akacheka mpaka soda ikampalia. Mimi nimekaa pembeni yake na kitenge changu kipya, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Jana nikaiangalia vizuri ile karatasi. Pembeni, kwa wino mwekundu na mwandiko ninaoufahamu tangu ukiwa chekechea, pameandikwa kumi juu ya kumi.

Nakutaka ujieleze ndani ya saa arobaini na nane kwa nini usichukuliwe hatua. Lile lingazi lako la karatasi lililobandikwa ukutani liondoke. Na Jumatatu ijayo Somoe atapiga magoti mstarini, mbele ya shule nzima, aniombe radhi. Akikataa hana shule hapa. Wewe ndiye utakayemwandaa.

Mkurugenzi,
Auleria
Mama yako mkubwa, kama bado unakumbuka


Kiwalani,
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepoa na tangawizi nimekunywa. Natumaini miguu yako haijavimba tena na huko Goba maji yametoka. Nilianza kukuandikia "Mheshimiwa Mkurugenzi", nikachana karatasi mara mbili. Siwezi kukuandikia bila shikamoo, Mama. Na kukosa shikamoo ndiyo kesi yenyewe, kama utakavyoona.

Umetaka nijieleze, najieleza. Wanafunzi wangu walikuwa na neno moja tu la kipimo, "very". Chai very, mvua very, malaria very. Nilitaka wajue kwamba kuna kidogo, kuna kiasi, kuna sana na kuna kupindukia, na kwamba kila kimoja kina neno lake. Sasa utampimisha nini mtoto wa Gongo la Mboto? Kitabu kinataka wapime theluji. Nikaona kitu ambacho kila mtoto wa hapa anakijua vizuri ni adabu. Anajua nani amesalimu na nani amepita kimya, nani amepiga hodi na nani ameingia tu.

Ndipo nikabandika ngazi ya madaraja matano. Chini kabisa ni "not at all", inafuata "a little", halafu "quite", halafu "very", na juu kabisa "extremely". Kila mtoto anamleta mtu mmoja na kumweka kwenye daraja lake, kwa sharti moja tu, kwamba awe ameona kwa macho yake. Suhaib alimleta baba yake akamweka "quite", kwa sababu anamshukuru mama kwa chakula lakini hajawahi kuondoa sahani. Binti mmoja alijiweka mwenyewe "a little", maana akiitwa na mama yake hujibu "Nini?" badala ya "Abee". Mimi wameniweka "quite" kwa sababu natafuna karanga darasani. Sikubisha, karanga natafuna kweli.

Ilipofika zamu ya Somoe nikamuuliza ushahidi. Akasema: "Bibi ana miaka sitini na nne. Madam ana hamsini na saba, tulikula keki yake mwezi wa saba. Kila asubuhi Madam anaingia jikoni, anafunua sufuria, anasema 'maji mengi', anatoka. Hajawahi kusema shikamoo."

Nilitafuta kosa, Mama. Nilitafuta la Kiingereza, nikatafuta na la ukweli. Nilimpa kumi kwa kuwa hakuna kumi na moja.

Najua utauliza kama nilijua atasoma ile karatasi siku ya wazazi. Nilijua. Aliichagua mwenyewe na mimi sikumzuia. Andika hilo kwenye faili langu kwa wino utakaopenda.

Somoe sitamwandaa kupiga magoti. Na ngazi siiondoi.

Mwanao,
Benedicta


Goba,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Benedicta,

Salamu zimefika. Miguu inauma, maji hayajatoka tangu Jumapili, asante kwa kuuliza.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yana kasoro. Mara ya pili nikakasirika, na mara ya tatu nikakasirika zaidi. Nilikutaka ujieleze, wewe umenieleza mimi!

Kwetu mtoto hampimi mtu mzima. Bibi yako, mama yetu sisi, alikuwa akimwamkia baba mkwe wake huku amepiga magoti kwenye tope la masika, na hakuwahi kuuliza mzee mwenyewe ana adabu kiasi gani. Mimi nimepigia magoti kila aliyenizidi umri Bukoba nzima mpaka yakaota sugu. Mtoto apewe adabu kwanza, hiyo mizani atapewa akishakua. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe unanikunjia samaki wangu kinyume.

Na huyo mtoto anasoma bure. Mpishi ana mjukuu yatima, nikasema alete, asome, nisione hata senti. Mbona hilo sikuliona kwenye ngazi? Kiingereza anachonipimia amekipata kwangu, uji anaokunywa ni wangu, hata hiyo karatasi ya manila nimeinunua mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hiyo shikamoo ya jikoni nayo nikujibu. Mimi ni mwajiri. Leo nikimwamkia mpishi, kesho mlinzi atanigonga bega na kuniita dada. Kazi ni kazi.

Kuanzia leo umesimamishwa mpaka nitakapoamua vinginevyo. Funguo za kabati mpe Venance.

Nilikuchukua una miaka minne, mama yako hajamaliza arobaini kaburini. Nikakupa chumba changu nikalala sebuleni miaka tisa. Sisemi hivi ili unilipe. Nasema ili ujue ni nani unayemwandikia.

Mama yako mkubwa


Kiwalani,
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Funguo nimempa Venance na sahihi nimetia. Ngazi bado iko ukutani. Ukitaka itoke, ibandue kwa mikono yako.

Umesema nijue ninayemwandikia. Namjua. Ninayemwandikia alinifundisha maneno haya haya kabla sijavaa sare ya shule, jikoni kwetu hapa Kiwalani, kwa chumvi. Ulikuwa unanikalisha juu ya ndoo, unanionjesha mchuzi. "A little?" Unaongeza kidogo. "Enough?" Naonja tena, nakunja uso. "Too much!" unapiga kelele, tunacheka, tunatia nyanya nyingine. Watoto wenzangu walijifunza Kiingereza kwa fimbo. Mimi nilijifunza kwa mchuzi, na ndiyo sababu nimekuwa mwalimu.

Nikakuuliza wewe ulijifunzia wapi. Ukasema Oysterbay, kwa wazungu, miaka sita ya upishi. Hukutaka kuzungumzia zaidi. Ila siku niliyohitimu chuo cha ualimu ulikunywa bia mbili na ukasema neno moja. Ulisema mama mwenye nyumba alikuwa akiingia jikoni, anafunua sufuria kwanza, ndipo anakutazama usoni. Siku nyingine hakutazama kabisa. Ukasema hivyo halafu ukaomba mziki uongezwe sauti.

Somoe aliposema "anafunua sufuria", niliiweka kalamu nyekundu chini. Kwa hiyo usiniambie kazi ni kazi. Mwambie hivyo mtu asiyekujua.

Na hilo la magoti ya Bukoba nalijua, nilipiga hata mimi. Lakini ni wewe uliyeniambia heshima si utumwa. Magoti ya Bibi yalikuwa salamu, na mzee aliitikia. Haya unayoyataka kwa Somoe ni adhabu kwa mtoto aliyesema alichokiona.

Nimeongea na Somoe. Sikumwambia apige magoti wala sikumwambia asipige. Nilimwambia aseme ukweli kwa kipimo chake, asizidishe, asipunguze.

Nimekukasirikia, Mama. Nakupenda vilevile, lakini leo hasira ndiyo kubwa.

Mwanao,
Benedicta


Ofisini,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Benedicta,

Leo sikusalimu. Haya, nakusalimu: hujambo.

Shule nzima ilikuwa mstarini, watoto mia tatu. Nikamwita mbele. Akaja na soksi nyeupe pe, nywele zimesukwa upya kama anakwenda harusini. Mpishi Hamida, bibi yake, amesimama mlango wa jiko na mwiko mkononi. Nikamwambia mtoto, haya, omba radhi. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka kambi ya jeshi: "I am a little sorry."

Samahani kidogo! Nikamuuliza, kidogo kiasi gani? Hapo nilikosea, nisingeuliza. Alifikiri. Alifikiri kweli, amekunja uso kama yuko kwenye mtihani, halafu akajibu: "I am sorry because you are sad. I am not sorry enough to kneel." Kwamba anasikitika kwa kuwa nimeumia, lakini masikitiko yenyewe hayajafika kiasi cha kupiga magoti.

Mwalimu wa Darasa la Sita aligeukia ukutani akajifanya anakohoa. Nimemwona.

Nimemfukuza mtoto. Nilishasema nitafanya hivyo na mimi sirudi nyuma kwa neno langu. Hamida hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ndoo, akamshika mjukuu wake mkono. Alipofika mbele yangu akasema, "Uji umeiva. Sukari sijatia." Katika miaka kumi na moja, sijawahi kumsikia akiniambia sentensi ndefu kuliko "ndiyo Madam".

Watoto wamekunywa uji bila sukari kwa sababu hakuna aliyejua sukari inakaa wapi. Hata mimi sikujua.

Umefurahi? Usinijibu.

Mkurugenzi


Kiwalani,
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Ulisema nisikujibu, nimetii kwa wiki mbili na siku nne. Sijawahi kukaa kimya nawe muda mrefu hivyo. Nilipokuwa Morogoro chuoni ulikuwa unapiga simu kuniuliza kama nimekula. Natumaini wewe unakula.

Mimi nakula kwa Bi Hamida. Nashinda Ulongoni siku hizi, barazani kwake. Asubuhi anauza chapati na uji pale njia panda, mchana nafundisha. Nilianza na Somoe peke yake, sasa jioni wako kumi, na sita kati yao ni wa Darasa la Nne lako, wanapita hapa wakitoka shuleni na sare zao. Usiwaadhibu. Ngazi tumeichora kwa mkaa ukutani, na Bi Hamida hajakasirika, alisema tu tusifike dirishani. Wewe upo palepale Somoe alipokuweka.

Ninalokuandikia ni hili. Upimaji wa taifa wa Darasa la Nne umebakiza chini ya wiki tatu. Somoe amesajiliwa kwako, namba yake iko kwako, na hakuna shule nyingine inayoweza kumpokea sasa akafanya. Usipomruhusu atarudia mwaka mzima. Mtoto anayejua Kiingereza kuliko walimu wako wawili, kwa maneno yako mwenyewe, atakaa tena Darasa la Nne kwa sababu alisema kweli na akakataa kuikana.

Sikuandikii kukuomba. Nilimwambia Bi Hamida twende wote tukakubembeleze, akanitazama kama nimemtemea uji. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Mie niende kuomba nini? Mshahara wangu kanipa kila mwezi, hajachelewa hata siku, kwa hilo Mungu amzidishie. Mie kaninyima kimoja tu, na hicho wala hakinunuliwi. Miaka kumi na moja ananipita kama anapita moshi. Sie watu wa Lindi maskini, mwalimu, ila shikamoo kwetu hata mwizi unampa kama kakuzidi. Na wewe usiende kuniombea mlango wa nyuma. Ukienda, chapati zangu usile tena."

Kwa hiyo siji kuomba, maana chapati zake ni nzuri.

Nakwambia tu ninachojua. Unaijua njia ya Ulongoni. Unajua jiko lake lilipo, ni la nje, lina mlango wa bati. Na kupiga hodi unajua, ulinifundisha wewe.

Barua yangu ya kuacha kazi nimeshaiandika. Iko kwenye pochi, bado sijaitia tarehe. Somoe asipofanya mtihani, nitaitia ya siku hiyo hiyo, na huku barazani nitaongeza mkeka.

Mwanao bado,
Benedicta


Ofisini, lakini siyo ya ofisi,
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Kwa Benedicta, na Somoe asomewe,

YAH: KUJIELEZA

Hamjambo wote. Mimi ni mzima. Nakula, ukitaka kujua. Miguu inauma, na sababu yake utaisoma humu.

Ofisi yangu ina sheria kwamba aliyekosa hujieleza kwa maandishi. Sheria hiyo niliitunga mimi na sikuwahi kudhani itanifikia. Haya.

Uliyoandika kuhusu Oysterbay ni kweli ila si yote. Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa pili nikazoea. Mwaka wa tatu nikaanza kujiambia, huku nakuna nazi, kwamba siku moja na mimi nitakuwa mkubwa na nitaingia jikoni hivyo hivyo. Sikujiambia kwamba nitasalimu, Benedicta. Nilijiambia kwamba nitaingia hivyo hivyo. Nilidhani ndivyo ukubwa unavyovaliwa, kwamba ukimwona mpishi ndio umebaki kuwa mpishi. Naona aibu kuyaandika haya. Nayaandika.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda Ulongoni. Gari halikuweza kushuka lile bonde, nikaliacha kwa fundi viatu nikatembea. Nilibeba sukari kilo mbili, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu, na kwa sababu ya ule uji. Nikapiga hodi mara tatu. Akasema karibu. Alikuwa anageuza chapati. Nikasema, "Shikamoo, Bi Hamida."

Aligeuza chapati, akaigeuza tena, akaiepua, akatandaza nyingine. Somoe amekaa mlangoni na daftari lake, hamtazami bibi wala mimi. Nyuma yake ukutani nikaliona jina langu kwa mkaa, chini kabisa, na limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Hujawahi kungoja marahaba isiyokuja, mwanangu. Mimi nilikuwa sijui kungoja huko kuna urefu gani. Miaka kumi na moja yeye alikuwa anajua.

Mwishowe akasema, "Nimeisikia. Ila mie hapa kwangu hukunikosea. Ulinikosea jikoni kwako, njoo uniamkie kulekule, wenye macho waone. Na mie jikoni kwako siingii mpaka nimwone mtoto kaingia darasani kwanza." Sukari aliipokea. Akaniambia niangalie mtaro nikitoka.

Nilipanda lile bonde nimefura. Mimi, Auleria, mbele ya watoto! Nikaapa sifanyi. Nikafika Goba nikala na hasira, nikalala nayo, jana sikukuu nikashinda nayo kutwa. Jioni nikamtuma Venance Ulongoni aseme Somoe arudi shule. Alipouliza aandike sababu gani kwenye daftari, nikamwambia aache wazi.

Leo Somoe ameingia darasani kengele ya kwanza, soksi nyeupe zile zile. Bi Hamida akachukua aproni yake juu ya ndoo. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Saa nne watoto walipanga foleni na vikombe vyao. Nikaenda mlango wa jiko nikasema hodi. Watoto wakacheka, maana hodi ya jiko la shule hawajawahi kuisikia. Akasema karibu. Mikono nikaiweka nyuma ili isije ikafunua sufuria kwa mazoea. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Bi Hamida."

Akaweka mwiko chini. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, hakuharakisha.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Umeamkaje?"

Hilo swali lilinishinda, Benedicta. Wazazi huniuliza ada, walimu huniuliza mshahara, wakaguzi huniuliza vyoo. Sikumbuki ni lini mtu wa shule hii aliniuliza nimeamkaje. Nikasema "salama, dada", nikakimbilia ofisini nikajifungia na kulia.

Baadaye nilinawa uso nikaenda Darasa la Nne. Ngazi iko palepale, sikuibandua. Kila nilipoishika kona nilimwona mtu amekaa juu ya ndoo ananyoosha ulimi aonje mchuzi. Nikamwambia Somoe, haya, nihamishe. Suhaib akapiga kelele "Very! Very!", mtoto wa kujipendekeza yule, umwangalie. Somoe hakumsikiliza. Akabandua karatasi yenye jina langu, akaishika muda mrefu, akaniweka "a little".

Nikamwambia, Somoe, mimi nimetembea bonde lote lile. Akanijibu kwa adabu zake zote, mikono nyuma: "Ni siku moja tu, Madam. Quite ni wiki mbili."

Mtoto niliyemfukuza. Hakunipunguzia, hakuniongezea. Nakwambia kweli, hata mimi ningempa kumi.

Tarehe 23 atakaa kwenye dawati la mbele na atafanya mtihani wake. Hilo halina masharti. Wewe rudi kesho. Ile barua ya kwenye pochi ichane, na kama huna moyo wa kuichana, niletee niichane mwenyewe. Lakini usidhani umeshinda, karanga darasani bado ni kosa.

Radhi yako sikuandikii. Ya nyumbani tunaongea. Njoo Goba Jumamosi, nitapika ndizi, na chumvi utaonja wewe.

Kesho saa nne napita tena jikoni.

Mama yako mkubwa,
wa daraja la pili kutoka chini